Kamera Zilifika Julai: Wapiga Picha wa Habari na Mpaka wa Gisenyi

Picha nyingi ambazo dunia huzikumbuka ikitajiwa Rwanda ya mwaka 1994 hazikupigwa Kigali wala Butare. Zilipigwa mpakani, kwenye kipande kifupi cha lami kinachotoka Gisenyi kuingia Goma, na kwenye makambi yaliyozuka upande wa pili. Ilikuwa nusu ya pili ya Julai. Watutsi waliouawa katika mauaji ya kimbari walikuwa wamekwisha kuuawa, na waliokuwa wanapita mbele ya kamera walikuwa watu wengine kabisa. Wapiga picha waliokuwapo wamelirudia jambo hilo katika vitabu, katika filamu, hata kizimbani. Historia ya picha za Gisenyi haieleweki bila kuanza nalo.

Mji wenyewe, ambao leo ni makao ya Wilaya ya Rubavu, uko ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu. Una ufukwe wa mchanga, majumba ya zamani ya Wabelgiji chini ya miti, kiwanda cha bia kando ya maji, na Kiswahili sokoni kwa sababu biashara yote inategemea jirani. Goma iko mlango wa pili. Miji hii miwili ingekuwa mji mmoja kama si vyuma viwili vya kuinua na kushusha: Grande Barrière karibu na ziwa, na Petite Barrière juu kidogo, ambako wachuuzi wa miguu huvuka kwa makumi ya maelfu kila siku mambo yakiwa shwari. Upande mmoja kuna maji, upande mwingine mlima Nyiragongo unaowaka. Anayekimbia kutoka kaskazini-magharibi ya Rwanda hana pengine pa kupita ila milango hiyo, kwa hiyo mtu mwenye kamera hahitaji kuwatafuta watu. Akisimama pale, watamjia.

Aprili 1994 hakuna aliyesimama pale. Mauaji yalianza Gisenyi tarehe 7 Aprili, siku moja baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa. Watutsi wa mji na wa vijiji vya karibu walichukuliwa majumbani mwao na kwenye vizuizi vya barabarani, wakapelekwa makaburini, mahali palipokuja kuitwa Commune Rouge, wakauawa huko. Leo pana makumbusho ya waliouawa. Kinachojulikana kuhusu siku zile kimetoka midomoni mwa walionusurika na katika kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyokuwa Arusha, ambako Omar Serushago, mmoja wa viongozi wa wanamgambo wa Interahamwe mjini Gisenyi, alikiri makosa na mwaka 1999 akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Mwandishi wa habari anayetafuta picha ya Commune Rouge ya Aprili ile haipati, kwa kuwa haikupigwa.

Hata hivyo Gisenyi haikuwa ngeni kwa nguvu ya picha. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, alikuwa mtu wa huko. Desemba 1990 gazeti lake lilichapisha zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu. Mwaka uliofuata, toleo la 26 lilitoka na jalada lililobeba panga na picha ya Grégoire Kayibanda, rais wa kwanza wa nchi, vikiwa pamoja. Mnunuzi asiyejua kusoma alielewa vilevile. Ngeze alikamatwa Mombasa Julai 1997, na tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Arusha ikamtia hatiani pamoja na Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza katika kesi iliyojulikana kama kesi ya vyombo vya habari. Ukurasa wa mbele wa gazeti la mji mdogo wa mpakani ukawa kielelezo mbele ya majaji. Kwa hiyo kabla ya wapiga picha wa kigeni kuijua Gisenyi, mwanahabari wa Gisenyi alikuwa amekwisha kutumia picha kuchochea.

Kwa nini kamera za dunia hazikuwapo Aprili? Sababu moja ilikuwa Afrika Kusini. Uchaguzi ulioanza tarehe 26 Aprili na kumpa Nelson Mandela urais ulivuta mashirika yote makubwa, na wahariri wa picha walikuwa wamekwisha kutumia bajeti yao huko. Sababu nyingine ilikuwa hatari yenyewe: kila baada ya mwendo mfupi kulikuwa na kizuizi chenye vijana walevi wenye mapanga, na wauaji hawakutaka kuonekana. Wageni walihamishwa, na waandishi wengi wakapanda ndege hizohizo.

Mmoja aliyebaki kwa muda ni mpiga picha za video Mwingereza, Nick Hughes. Akiwa juu ya jengo la shule ya Kifaransa mjini Kigali, alielekeza lenzi yake ng'ambo ya bonde na kunasa kitu ambacho karibu hakuna mwingine aliyekinasa: watu wakiuawa. Barabarani, katikati ya maiti, anaonekana mtu amepiga magoti na kuinua mikono akiomba. Wanaume wanapita kando yake kama wapitavyo watu mtaani. Baadaye wanarudi, wanampiga mpaka afe. Hughes alieleza baadaye katika maandishi yake jinsi alivyokuwa mbali mno kufanya lolote, na jinsi kanda ile ilivyorushwa na televisheni duniani bila kubadili uamuzi wa serikali yoyote. Kanda hiyo ilikuja kuwasilishwa Arusha katika kesi ya Georges Rutaganda kama kielelezo namba 467. Ilichukua miaka 15 mpaka mwandishi wa Kanada, Allan Thompson, alipofuatilia mtaa kwa mtaa na kujua wale waliouawa walikuwa nani: baba na bintiye. Kwa miaka yote hiyo walikuwa "wahanga" tu.

Wapiga picha wa picha mnato waliingia mmojammoja, wengine kupitia Burundi na Uganda, wengine nyuma ya majeshi ya waasi wa RPF. James Nachtwey wa Marekani alipiga Juni, katika hospitali ya Msalaba Mwekundu huko Nyanza, picha ya Mhutu aliyekatwakatwa uso na Interahamwe kwa kushukiwa kuwaonea huruma Watutsi. Makovu manne yanapita kutoka sikioni hadi mdomoni. Picha hiyo ilichaguliwa kuwa Picha ya Mwaka ya World Press Photo. Gilles Peress, Mfaransa wa shirika la Magnum, alitoka na kitabu kiitwacho The Silence mwaka 1995, alichokigawa kama kesi ya kiroho: dhambi, toharani, hukumu. Shirika la habari la Associated Press lilikuwa na Jean-Marc Bouju, Javier Bauluz, Karsten Thielker na Jacqueline Arzt, ambao kwa pamoja walipata tuzo ya Pulitzer ya 1995 kwa picha zao za Rwanda.

Wengine walianzia Tanzania. Mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa ghafla mojawapo ya miji mikubwa ya Tanzania. Huko alifika Mbrazili Sebastião Salgado. Yeye hakuwa mgeni wa Rwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kuwa mpiga picha, alikuwa mchumi wa Shirika la Kimataifa la Kahawa lenye makao London, na kazi ilimfikisha kwenye mashamba ya Rwanda. Alirudi tena baadaye kupiga picha za wachuma chai. Aliyoyaona mwaka 1994 aliyaona kwa macho ya mtu aliyeyajua mashamba yaleyale yakiwa ya kijani na yenye watu kazini.

Gisenyi ilianza kujaa mwishoni mwa Juni. Serikali ya muda ya Théodore Sindikubwabo na waziri mkuu wake Jean Kambanda, iliyosimamia mauaji, ilikuwa imerudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka Kigali hadi Gitarama, na mwisho ikatua ziwani. Mawaziri walilala hoteli ya Méridien Izuba, jengo ambalo leo ni hoteli ya Serena. Wanahabari waliovuka kutoka Goma kuwahoji waliwakuta kwenye bustani zake, wamevaa suti, huku redio ya RTLM ikiwahimiza wananchi wakimbie wasibaki na adui. Kigali iliangukia mikononi mwa RPF tarehe 4 Julai. Ruhengeri ilipoanguka siku chache baadaye, barabara yote ya kuja Gisenyi ilifunikwa na watu.

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai walivuka kati ya watu 500,000 na 800,000. Wapo wanaotaja milioni moja, na kwa kuwa hakuna aliyehesabu, ni busara kuiacha hesabu ya chini isimame. Picha za siku zile zina mambo yanayojirudia: magodoro yaliyokunjwa kichwani, jerikani za njano, baiskeli zisizoweza kuendeshwa kwa wingi wa mizigo, mabasi ya serikali yaliyoporwa, milango na madirisha yaliyong'olewa kwenye nyumba na kubebwa. Zina pia rundo la silaha. Askari wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waliwanyang'anya wavukaji mabunduki na mapanga pale kizuizini na kuyatupa kando ya barabara, na karibu kila mpiga picha alisimama hapo. Rundo lile lilikuwa ushahidi wa aliyekuwa anavuka. Magazeti mengi yalilichapisha kama pambo la ukurasa wa ndani.

Siku ya mwisho makombora yalianguka karibu na mpaka. Umati ulisukumana kuelekea mlango mmoja, na watu, wengi wao watoto, walikanyagwa hadi kufa. Kisha mji ukanyamaza, RPF ikaingia, na kamera zote zikahamia upande wa pili.

Namna kazi ilivyofanyika inafaa kuelezwa, maana simu ya mkononi imewasahaulisha wengi. Mpiga picha wa shirika la habari alitembea na kamera mbili, lenzi fupi na lenzi ndefu, na filamu za fremu 36. Jioni aliziosha mwenyewe katika bafu la hoteli au ndani ya hema, kwa dawa zilizotaka maji ya joto lisilobadilika, katika mji ambao haukuwa hata na maji ya kunywa. Negativu zikikauka alichagua chache, akazipitisha kwenye mashine ya kusoma picha, akaunganisha na simu ya setilaiti yenye dishi, na kungoja picha moja ya rangi iondoke polepole kwa dakika nyingi zinazolipiwa kila moja. Wa majarida walikuwa na njia nyingine: filamu zilitiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa rubani anayerudi Nairobi. Kwa siku nzima mtu alipiga mamia ya picha, dunia ikaona tatu. Uchaguzi wa hizo tatu ulifanywa na mtu aliyechoka, akifikiria kile ambacho dawati la New York au Paris lingekubali.

Tarehe 20 Julai vipimo vilithibitisha kipindupindu. Katika mwezi mmoja wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Kambi ya Kibumba, kaskazini ya Goma, ilikuwa juu ya mwamba wa lava usio na kijito wala kisima, ambako jembe halikuweza kuchimba choo wala kaburi. Maiti zilifungwa katika mikeka na kulazwa kando ya barabara, safu kwa safu. Askari wa Ufaransa, waliokuwa Goma kwa ajili ya Opération Turquoise, walileta matingatinga kufungua mashimo. Hapo ndipo Salgado alipopiga picha ambazo baadaye alisimulia kwa taabu katika filamu The Salt of the Earth ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Wim Wenders na Juliano, mwana wa Salgado: tingatinga likisukuma miili, na baba akifika na mtoto aliyekufa mikononi, kumtupa, kisha kugeuka na kuendelea na mazungumzo na mwenzake. Kilichomtesa Salgado, kwa maelezo yake mwenyewe, hakikuwa wingi wa vifo pekee. Kilikuwa ni kuona jinsi mtu anavyozoea.

Goma ilipata kila kitu ambacho Kigali ya Aprili ilikikosa: mamia ya wanahabari, ndege za misaada, jeshi la Marekani, majalada ya magazeti. Msanii wa Chile, Alfredo Jaar, aliliweka jambo hilo wazi bila kuonyesha maiti hata moja. Alikusanya majalada 17 ya jarida la Newsweek kuanzia Aprili 1994 na kuyapanga ukutani, chini ya kila moja ameandika kilichokuwa kinatokea Rwanda wiki ile. Majalada yanahusu mambo mengine kabisa. Rwanda inafika jaladani tarehe 1 Agosti, na picha ni ya wakimbizi.

Tatizo halikuwa uongo wa picha. Kipindupindu kilikuwa kweli, na mtoto aliyekufa Kibumba hakuwa ameua mtu. Tatizo lilikuwa kwamba picha zilisomwa kwa kanuni iliyokwisha kuwapo. Miaka kumi kabla, Oktoba 1984, Mohamed Amin wa Nairobi alikuwa amepiga njaa ya Ethiopia huko Korem, na picha zake, zikisimuliwa na Michael Buerk wa BBC, ziliamsha michango ya dunia nzima. Tangu hapo mhariri wa Ulaya aliyeona hema, vumbi na mama aliyebeba mtoto alijua la kufanya: maafa, huruma, namba ya akaunti ya benki. Goma iliingia kwenye umbo hilo bila shida. Ethiopia ilikuwa na ukame, ingawa vita na siasa viliuchochea. Goma ilikuwa na jeshi lililoshindwa, watumishi wa serikali iliyoua, na Interahamwe waliogawa chakula cha msaada na kuamua nani ale. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka makambini kwa sababu hiyo. Lenzi haina uwezo wa kutofautisha mwenye njaa aliyeua na mwenye njaa aliyeburutwa. Hilo ni kazi ya maelezo chini ya picha, na maelezo mengi ya Julai ile yalisema tu "Wanyarwanda wakikimbia mauaji". Sentensi fupi kama hiyo iliwafanya walioua waonekane ndio wanaouawa, na madhara yake bado yanasikika kwa wanaokanusha mauaji ya kimbari.

Kulikuwa na picha za aina nyingine ambazo hazikushinda tuzo. Maelfu ya watoto walipotezana na wazazi wao katika msukumano wa mpakani na katika kipindupindu. Wengi walikuwa wadogo mno kujua jina la baba au la kilima chao. Msalaba Mwekundu na mashirika ya Umoja wa Mataifa, wakisaidiwa na wapiga picha wa habari walioweka kando kazi ya magazeti, waliwapiga picha mmojammoja, uso mbele, kila mmoja na namba yake, kisha picha zikabandikwa kwenye mbao makambini na baadaye ndani ya Rwanda. Wazazi walipita mbele ya mbao hizo, uso baada ya uso. Kwa kipimo cha sanaa ni picha za kitambulisho tu. Kwa kipimo cha manufaa, hakuna picha za Goma zilizofanya kazi kubwa kuliko hizo.

Walioondoka na filamu waliondoka pia na mengine. Salgado alianza kuugua. Daktari rafiki yake huko Paris alimpima, akamwambia hana ugonjwa, ila ameona vifo vingi mno na sasa mwili wake unafuata huko, basi aache. Aliacha. Akarudi na mkewe Lélia kwenye shamba la ukoo huko Minas Gerais, lililokuwa limechakaa kwa ng'ombe na mmomonyoko, na mwaka 1998 wakaanzisha Instituto Terra, ambayo imepanda miti zaidi ya milioni mbili. Alipochukua tena kamera kwa mradi wa Genesis, mwaka 2004, alipiga wanyama na mandhari, wakiwemo sokwe wa milima ya Virunga, mwendo mfupi kutoka Kibumba. Alifariki Paris tarehe 23 Mei 2025.

Corinne Dufka, aliyepiga picha za vita vya Afrika kwa Reuters akiwa na makao Nairobi, alitoka kwa njia nyingine. Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi, alikuwa safarini na akafika amechelewa. Amesimulia kwamba alichokisikia moyoni kilikuwa hasira ya kukosa picha, na hasira hiyo ndiyo iliyomtisha. Muda si mrefu aliacha kamera na kujiunga na Human Rights Watch kama mtafiti wa haki za binadamu.

Novemba 1996 barabara ya Gisenyi ilijaa tena, safari hii watu wakielekea upande wa pili. Vita vilikuwa vimeingia mashariki ya Zaire, kambi ya Mugunga ikashambuliwa, na kuanzia tarehe 15 watu zaidi ya 500,000 walirudi Rwanda kwa siku chache. Vyombo vilevile vilikuwa kichwani, jerikani zilezile, ila mwendo ulikuwa wa polepole na wenye nidhamu ya ajabu, na hakuna aliyekuwa anakimbia. Siku hiyohiyo ya tarehe 15, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1080 la kupeleka kikosi cha kimataifa. Kutazama picha za msafara ule kulitosha kuwafanya wakubwa waone kikosi hakihitajiki tena. Palipobaki ubishi ni kuhusu waliokimbilia magharibi, ndani ya msitu. Ndege za Uingereza na Marekani zilipiga picha kutoka juu, na picha hizo zikasomwa kwa namna mbili: wanajeshi wa Marekani waliona mabaki machache, mashirika ya misaada yakaona malaki ya watu. Waliokuwa msituni hawakuwa na mpiga picha wa kusimama mbele yao. Kikosi hakikwenda, na wengi wao waliuawa au walikufa kwa njaa na maradhi huko. Kama wiki moja baada ya msafara kuanza, tarehe 23 Novemba, Mohamed Amin alikufa katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Ngazija.

Kupiga picha Rwanda kulibaki kazi ya wageni kwa miaka kadhaa. Wanahabari wengi wa Kinyarwanda walikuwa wameuawa, na studio za mtaani zimeporwa. Badiliko moja lilianzia nje kidogo ya Gisenyi, mahali paitwapo Mugongo. Huko aliishi Rosamond Carr, Mmarekani aliyekuja eneo hili mwaka 1949 na kulima maua. Desemba 1994, akiwa na umri wa miaka 82, aligeuza ghala la shamba lake kuwa kituo cha watoto yatima, akakiita Imbabazi. Mwaka 2000 mpiga picha David Jiranek aliwapa watoto wa kituo hicho kamera rahisi za kutumia mara moja, akawaachia wapige wanachotaka. Walipigana picha wao kwa wao, wakapiga mbuzi, mahindi, wapishi, na njia ya kwenda kisimani. Hapakuwa na mtu anayelia. Mwaka uliofuata picha ya msichana mmoja wa kituoni ilishinda nafasi ya kwanza ya picha za sura katika shindano la jarida la upigaji picha la Marekani, bila waamuzi kupewa sababu ya kumhurumia. Mapato ya maonyesho yalilipa karo. Jiranek alifariki 2003, Carr akafuata Septemba 2006 akiwa na miaka 94, ila kazi haikukatika: Bizimana Jean, Mussa Uwitonze na Gadi Habumugisha, waliokulia Imbabazi, wamekuwa wapiga picha wa kazi na walimu wa watoto wengine. Jina la Bizimana linaonekana chini ya picha za Reuters kutoka Rwanda.

Mpaka nao haujapumzika. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kufunika sehemu ya njia ya ndege, na malaki ya watu wakalala Gisenyi. Ulipolipuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021, anga nyekundu ilikuwa mitandaoni kabla ya shirika lolote la habari kutuma neno, na picha zilizodumu zilipigwa na watu wa palepale kama Guerchom Ndebo, anayefanya kazi na AFP. Yeye na Moses Sawasawa ni wa kizazi cha Goma ambacho hakiji na ndege wala hakiondoki nayo. Faida yake inaonekana kwenye maelezo ya picha: mpiga picha anaongea na mwenye mzigo kwa Kiswahili, anamwuliza anatoka wapi, na jina lake akiridhia.

Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Makombora yaliyovuka mpaka yaliua watu Rubavu, na kwa siku kadhaa wapiga picha wa pande zote mbili walikuwa Grande Barrière na Petite Barrière pamoja na wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, wafanyabiashara na familia zilizobeba magodoro. Tarehe 29 walivuka karibu Waromania 300 waliokuwa wamekodiwa kusaidia jeshi la Kongo. Walipangwa mstari, wakapekuliwa mabegi yao mbele ya kamera, wakapandishwa mabasi ya kwenda Kigali. Picha zilizunguka dunia kabla basi la kwanza halijafika Musanze. Wapiga picha wa Goma walikuwa na shida ambayo wenzao wa 1994 hawakuwa nayo: baada ya kutuma picha walirudi kulala nyumbani, mtaa uleule waliokuwa wameupiga, umeme na maji vimekatika, na mtawala mpya anayejua majina yao kutoka kwenye hizo picha.